SOD au SOR: elektroni za kuizima superoksidi zitatoka wapi?

Swali hili huja kwa sura tatu. Kuna anayetaka kupandikiza jeni moja kwenye bakteria wake wa maabara ili wastahimili oksijeni. Kuna anayesoma jenomu ya kiumbe kisichopenda hewa, hakuti SOD hata moja, akabaki anajiuliza kiumbe hicho kinaishije. Na kuna mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kinga ya superoksidi ni SOD, kisha akakutana na jina SOR na kudhani ni kosa la uchapaji. Wote watatu wanahitaji ulinganisho uleule, wa vimeng'enya viwili vinavyoondoa superoksidi, yaani oksijeni iliyopokea elektroni moja ya ziada: superoksidi dismutasi (SOD) kwa upande mmoja, superoksidi reduktasi (SOR) kwa upande wa pili.

Asiye na muda achukue jibu hapa hapa. Kiumbe kinachoishi kwenye hewa, anza na SOD. Kiumbe kinachoishi bila hewa na chenye rubredoksini (protini ndogo inayobeba elektroni) ya kutosha, SOR inastahili kupewa nafasi ya kwanza. Lakini sababu ndizo zitakazokufaa siku utakapokutana na kiumbe kisichokaa vizuri upande wowote, kwa hiyo nitazikalia.

Adui mwenyewe

Oksijeni inahitaji elektroni nne ili igeuke maji. Ikipokea moja tu, inakuwa superoksidi, O₂⁻. Ndani ya seli mara nyingi hili hutokea kwa ajali: kimeng'enya chenye flavini, molekuli ya kushikia elektroni, kimebeba elektroni zake kikielekea kwenye kazi halali, oksijeni inapita jirani, inanyakua moja na kuondoka nayo.

Kiasi chake ni kidogo mno. Katika E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, yenye kinga kamili, superoksidi inayobaki ndani ya seli inakadiriwa kuwa karibu 10⁻¹⁰ mola kwa lita. Seli yenyewe ni ndogo kiasi kwamba, ukipiga hesabu, wakati wowote ule wastani haufiki hata molekuli moja. Hata hivyo ukiiondoa kinga, seli inadhoofika. Mwaka 1986 Carlioz na Touati walionyesha kwamba E. coli isiyo na jeni sodA (ya SOD ya manganizi) na sodB (ya SOD ya chuma) haioti kwenye hewa endapo chakula chake hakina asidi amino. Ikiondolewa oksijeni inaota bila taabu. Sababu iko kwenye vimeng'enya vyenye vishada vya chuma nne na salfa nne vilivyo wazi upande mmoja, kama akonitasi, fumarasi na dehidratasi inayohitajika kutengenezea valini na isoleusini. Superoksidi ina chaji hasi, inavutwa na chuma kilicho wazi, inanyakua elektroni kutoka kwenye kishada, nacho kishada kinameguka. Chuma kinachodondoka hapo ni balaa la pili, kwa kuwa kikikutana na peroksidi ya hidrojeni kinazalisha radikali ya hidroksili, ambayo inavunja DNA.

Chaji hiyo hasi ina matokeo mengine ya kukumbuka: superoksidi haipenyi utando wa seli kwa urahisi. Inayozaliwa nje inabaki nje, inayozaliwa ndani inabaki ndani. Kila chumba cha seli kinahitaji mlinzi wake, na tutalirudia hili mbele.

SOD: superoksidi inayomalizana na mwenzake

Historia yake inajulikana. Mwaka 1969 McCord na Fridovich, wakiwa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walitangaza kwamba protini ya shaba iliyokuwa ikijulikana tangu zamani katika damu ya ng'ombe ni kimeng'enya kinachoondoa superoksidi. Mwaka uliofuata ikapatikana ya manganizi katika E. coli, na mwaka 1973 ya chuma katika bakteria huyo huyo.

Katika SOD ya chuma, atomu moja ya chuma imeshikwa na histidini tatu, aspatati moja na molekuli moja ya maji. Kazi inafanyika kwa hatua mbili:

Fe³⁺ + O₂⁻ → Fe²⁺ + O₂
Fe²⁺ + O₂⁻ + 2H⁺ → Fe³⁺ + H₂O₂

Superoksidi ya kwanza inaacha elektroni yake kwenye chuma na kurudi kuwa oksijeni. Ya pili inaichukua elektroni hiyohiyo na kuwa peroksidi. Chuma kinarudi pale kilipoanzia, na seli haikutoa kitu isipokuwa protoni mbili. Hapa ndipo uzuri wa SOD ulipo, na mimi bado naustaajabia: kimeng'enya hakina bili. Hakihitaji NADH, kibeba elektroni cha seli, wala protini ya kukiletea elektroni. Ukikitoa kwenye seli na kukiweka peke yake kwenye maji yenye chumvi kidogo, kinaendelea na kazi.

Ugumu uko kwenye chuma chenyewe. Ni lazima kiweze kupokea elektroni na pia kuitoa, tena kwa molekuli ya aina ileile. Kwenye kipimo cha volti, jozi ya oksijeni na superoksidi iko karibu −0.16, na jozi ya superoksidi na peroksidi iko karibu +0.9. Chuma kilicho uchi ndani ya maji kiko +0.77: kinapokea elektroni kwa hamu, lakini kuitoa kinasita. Protini inakishusha hadi karibu na katikati ya ncha hizo mbili ili njia zote mbili zipitike. Ushahidi mzuri wa usanii huu ni SOD ya manganizi ya E. coli. Ukitoa manganizi na kuweka chuma mahali pake, chuma kinakaa sawasawa, kinashikwa na asidi amino zilezile, lakini kazi haifanyiki. Protini ile iliumbwa kuishusha manganizi, ambayo kwa asili iko juu zaidi. Inapokishusha chuma kwa nguvu ileile inakipitisha chini kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuwa na chuma mahali sahihi kunatosha, afikirie mfano huu.

SOR: mlinzi anayehitaji kulishwa

Protini za ukoo wa SOR zilipatikana kabla kazi yao haijafahamika. Desulfoferodoksini ilitengwa mwaka 1990 kutoka Desulfovibrio desulfuricans, bakteria anayepumua salfeti badala ya oksijeni. Mwaka 1994 ikafuata protini ndogo ya rangi ya buluu kutoka Desulfovibrio gigas, ikaitwa neelaredoksini. Hilo "neela" ni neno la Kihindi la buluu, ndugu wa damu wa "nili" yetu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kulielewa jina hilo kwa kulisikia tu.

Dokezo la kazi yake lilitoka kwenye maabara ya Touati. Mwaka 1996 kundi lake lilichukua jeni ya desulfoferodoksini kutoka Desulfoarculus baarsii, likaiweka kwenye E. coli ile isiyo na SOD, na E. coli ikapona. Haikuwa dhahiri imeponaje, maana protini hiyo ikipimwa ilionyesha nguvu ndogo sana ya dismutasi. Mwaka 1997 Liochev na Fridovich walipendekeza kwamba labda inaipa superoksidi elektroni kutoka kwenye akiba ya seli, bila kuirudisha oksijeni hata kidogo. Mwaka 1999 Jenney, Adams na wenzao wa Chuo Kikuu cha Georgia wakalithibitisha jambo hilo kwa protini ya Pyrococcus furiosus, kiumbe kinachostawi kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. (Huyu ni arkea, si bakteria, ila kimeng'enya chake ni cha ukoo uleule.) Walichokiandika kuhusu joto kinafurahisha: SOR yake inafanya kazi hata kwenye nyuzi 25, ambapo kiumbe chenyewe hakikui. Ina mantiki, kwa kuwa oksijeni humfikia pale maji moto ya chini ya bahari yanapochanganyika na maji baridi yenye hewa.

Kituo cha chuma cha SOR hakifanani na cha SOD. Histidini nne zimekizunguka chuma kwenye bapa moja, na chini yake salfa ya sisteini imekishika. Upande wa juu hauna kitu, tena umeelekea nje ya protini, wazi kwa superoksidi kuingia. Lisini iliyo jirani, yenye chaji chanya, inaivuta. Superoksidi inakaa juu ya chuma, inapewa elektroni, protoni zinafika, peroksidi inaondoka, kisha glutamati ya jirani inakuja kuziba ule upande ulio wazi. Chuma sasa ni Fe³⁺ na protini imekuwa ya buluu.

Fe²⁺ + O₂⁻ + 2H⁺ → Fe³⁺ + H₂O₂

Mlingano unaishia hapo. Ni nusu ya pili ya kazi ya SOD, basi. Chuma hakirudi kwenye Fe²⁺ mpaka mtu mwingine alete elektroni. Na mletaji anayefahamika zaidi ni rubredoksini, protini ndogo yenye chuma kimoja kilichoshikwa na sisteini nne. Rubredoksini nayo inalishwa na kimeng'enya kinachochota elektroni kutoka NADH au NADPH. Mnyororo mzima unakwenda hivi: NAD(P)H, reduktasi ya rubredoksini, rubredoksini, SOR, na mwisho superoksidi.

Desulfoferodoksini ina pia chuma cha pili, kilichoshikwa na sisteini nne kama cha rubredoksini. Wengi walidhani, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwamba hicho ni ngazi ya kupandishia elektroni hadi kwenye kituo cha kazi. Lakini protini ya Desulfovibrio vulgaris iliyoharibiwa makusudi ili isiwe na chuma hicho iliendelea na kazi yake, kwenye vyombo na ndani ya seli pia. Neelaredoksini haina chuma hicho tangu mwanzo, na haijawahi kukihitaji. Ukichagua jeni, usikubali kulipia ukubwa wa protini kwa ajili ya chuma hicho tu.

Kasi haiamui, daftari ndilo linaloamua

Wengi huanza kulinganisha kwa kasi. Hapa haisaidii: hatua ya kukutana na superoksidi inakwenda kwa takriban 10⁹ kwa mola kwa sekunde kwa vimeng'enya vyote viwili, ambayo ni karibu na kasi ya molekuli kukutana zenyewe ndani ya maji. Hakuna pa kuongeza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi tufungue daftari. Chukua superoksidi nne. Tuzifuatilie mpaka ziwe maji, maana peroksidi nayo ni sumu na haiwezi kuachwa njiani.

Njia ya hewa ni SOD ikifuatwa na katalasi. Superoksidi nne zinatoa oksijeni mbili na peroksidi mbili. Katalasi inazigeuza peroksidi hizo mbili kuwa maji mawili na oksijeni moja. Jumla: oksijeni tatu, maji mawili, na elektroni za seli zilizotumika ni sifuri.

Njia ya wasiopenda hewa ni SOR ikifuatwa na rubreritrini, kimeng'enya kingine cha chuma kinachoipa peroksidi elektroni mbili. Superoksidi nne zinatoa peroksidi nne, zimekula elektroni nne. Peroksidi nne zinatoa maji manane, zimekula elektroni nane. Jumla: maji manane, oksijeni sifuri, elektroni kumi na mbili, yaani NADH sita. Na rubreritrini inachota kutoka rubredoksini ileile, kwa hiyo bili zote mbili zinapelekwa kwenye mfuko mmoja.

Maandishi mengi hukomea kwenye "SOR haitoi oksijeni" na kuihesabu hiyo kuwa sababu ya wasiopenda hewa kuichagua. Ni kweli haitoi. Ila sioni kama hiyo ndiyo sababu nzito. Superoksidi inatokana na sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyokwisha kuingia kwenye seli. Kurudisha robo tatu ya sehemu hiyo ni tone kwenye ndoo. Sababu inayonishawishi ni ya upande wa pili wa daftari. Seli inayoishi bila hewa imejaa vibeba elektroni vyenye mzigo ambavyo havina haraka ya kwenda popote. Vibeba hivyo ndivyo hasa vinavyovuja elektroni kwa oksijeni ikiingia. Kuzielekeza elektroni hizo kwenye SOR ni kutumia akiba iliyopo kwa kazi iliyopo. Kwenye seli ya hewa mambo ni kinyume: elektroni zina soko kubwa kwenye mnyororo wa upumuaji, na NADPH inahitajika kujengea na kukarabati. Kimeng'enya kisicho na bili kina faida ya wazi pale.

Mfano unaonipa imani na maelezo haya ni Desulfovibrio vulgaris. Anavyo vyote viwili. SOR yake iko ndani, kwenye saitoplazimu. SOD yake ya chuma iko kwenye periplazimu, ule uwazi kati ya tando mbili. Kumbuka kwamba superoksidi haipenyi utando. Periplazimu haina NADH wala mnyororo wa kuifikisha rubredoksini yenye elektroni. Mlinzi anayehitaji kulishwa angekufa njaa pale. Asiyehitaji kulishwa ndiye aliyewekwa nje.

Mpaka huu usichorwe kwa wino mzito sana, hata hivyo. Neelaredoksini ya Archaeoglobus fulgidus, kwa mfano, ina kiasi fulani cha nguvu ya dismutasi juu ya kazi yake ya reduktasi.

Kwa anayechagua jeni ya kupandikiza

Kama mwenyeji wako ni E. coli au ndugu zake na shida ni superoksidi, chagua SOD. Kisha uchague metali, na hapa watu huteleza. SOD ya chuma inaharibiwa na peroksidi ya hidrojeni, kitu ambacho inakizalisha yenyewe. Ya manganizi haiharibiwi hivyo. Tena chuma kikiwa haba, E. coli yenyewe hupunguza sodB kwa RNA ndogo iitwayo RyhB na kutegemea sodA. Mimi nafuata mfano wake: chakula kikiwa na chuma kidogo au peroksidi ikiwa nyingi, sodA.

Kama mwenyeji ni Clostridium au bakteria wa salfeti, angalia kwanza kama ana rubredoksini na reduktasi yake. Akiwa navyo, SOR itapata chakula. Asipokuwa navyo, jeni ya SOR peke yake ni mlinzi bila posho: itaondoa superoksidi moja kwa kila kituo cha chuma, itageuka buluu, itasimama.

Kuna pingamizi la haki hapa: mbona E. coli ya Touati iliponywa na SOR bila kupewa rubredoksini? Kwa sababu SOR haichagui sana wafadhili. Vimeng'enya vya E. coli vyenyewe, hasa reduktasi ya NADPH inayohudumia feredoksini na flavodoksini (protini nyingine ndogo za kubeba elektroni), vinaweza kuilisha. Na kwa kuwa superoksidi ndani ya seli ni kidogo mno, hata mfadhili mzembe anatosha kwa muda. Hilo linaipanua SOR mbali kuliko nilivyoiwekea mpaka mwanzoni. SOR ya Pyrococcus imewahi kuwekwa kwenye mmea wa Arabidopsis, katika utafiti uliotazama hata uwezekano wa mimea kuishi Mars, ikafanya kazi kwa elektroni za mmea wenyewe. Huko ilichaguliwa kwa kustahimili joto, na hiyo ni sababu halali ambayo SOD nyingi za kawaida haziwezi kushindana nayo.

Angalizo moja kwa kila anayekwenda njia hiyo: kwa superoksidi ileile, SOR inazalisha peroksidi mara mbili ya SOD. Hakikisha kuna wa kuipokea.

Kwa anayepima na anayesoma jenomu

Kipimo cha kawaida cha SOD kinatumia saitokromu c: superoksidi inaipa elektroni, rangi inabadilika, na SOD ikiwepo mabadiliko yanapungua. SOR inaweza kukudanganya pande zote. Ikiwa na elektroni, inaiwahi superoksidi kabla ya saitokromu na hivyo kufanana na SOD. Papo hapo inaweza kuipa saitokromu elektroni moja kwa moja na kuonekana kama inafanya kinyume. Usitoe hukumu kwa kipimo hicho pekee. Angalia kama NADPH inaisha kwa kadiri superoksidi inavyoondolewa. Angalia pia buluu, inayoonekana karibu na nanomita 650, kama inatokea na kama inafifia ukiongeza askobati (vitamini C), inayokipa chuma elektroni. SOD ya chuma haina mchezo huo.

Ukitaka kutenganisha SOD zenyewe kwenye jeli, sianidi inaizuia ya shaba na zinki, peroksidi inaziua ya shaba na ya chuma, inayobaki ni ya manganizi.

Kwenye jenomu, tafuta sodA na sodB, kisha utafute rbo, dfx, nlr au sor, majina mbalimbali ya jeni ya SOR. Jina rbo lina somo ndani yake. Katika Desulfovibrio vulgaris jeni hiyo imepakana na rub, ya rubredoksini, na mwaka 1989 ilipewa jina kwa kudhaniwa kuwa ni oksidoreduktasi ya rubredoksini, miaka kumi kabla kazi yake haijathibitishwa. Mlishaji na mlishwa walikuwa wamepangwa nyumba moja. Ukikuta SOR usiyoifahamu, wapitie majirani zake kwanza.

Treponema pallidum, bakteria wa kaswende, hana SOD wala katalasi, bali ana neelaredoksini na rubredoksini. Binadamu hana SOR. Anayetafuta dawa ya kukizuia kimeng'enya cha bakteria huyu bila kugusa cha mgonjwa ana shabaha mbili kwenye mnyororo huo, kituo cha chuma chenyewe na mahali rubredoksini inapokigusa, na kwa maoni yangu ya pili haijapewa uzito unaoistahili.